Robo Kidonge kwa Paka wa Mayu

Kumpa paka kidonge kichungu ni kazi inayotaka subira, na mimi subira sikujaliwa. Mama mkwe wangu alijaliwa. Alikaa kwenye kigoda, akamviringisha paka ndani ya kanga kuukuu mpaka kikabaki kichwa tu nje, kisha akamwinamia na kumsifu kwa Kisukuma, vile wanavyolisifu dume la ng'ombe lililovuta jembe tangu alfajiri. Paka akisikia sifa zake alilegea. Hapo ndipo robo ya kidonge iliyopakwa samli ilipopenyezwa pembeni mwa mdomo na kwenda zake. Nikijaribu mimi, robo hiyo hiyo ilitemwa mara tatu, ya nne ikaniruka usoni, na paka akatoka mapovu kwa uchungu wa dawa huku mimi nikimporomoshea matusi ya mtaani kwetu Binza.

"Unamgombeza mgonjwa," aliniambia.

"Mgonjwa gani ana kucha namna hii, Mayu?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo nilivyomwita tangu nilipoolewa. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Binza pale Maswa. Nilikulia barazani kwa baba, nikimalizia pindo za nguo na kusikiliza umbea wa wateja, kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa mkamwana anayetakiwa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kipya upande wa Kasoli. Mwaka wa Operesheni, watu walipotakiwa kuacha makazi yao ya mbalimbali na kuja kujenga pamoja kwa mistari, alikwenda kumchukua mama yake kule Zagayu. Mayu alikuwa mjane. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, na juu yake kinu, jiwe la kusagia, kuku watatu waliofungwa miguu, na kikapu kilichoshonwa mdomo kwa kamba. Ndani ya kikapu mlikuwa na paka.

Alikuwa dume, wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limechanika. Jina hakuwa nalo. Mayu alisema mnyama unayemla unamwita kwa kabila lake, na mnyama mnayekaa naye hahitaji jina kwa sababu anajua anaitwa yeye. Sikuielewa hiyo hoja, na mpaka leo siielewi.

Wiki ya tatu, mchana, tukichambua maharage ukumbini, paka alisimama ghafla akatazama ukuta. Akaanza kutafuna ambapo hakuna kitu. Kisha akaanguka ubavu, miguu yote minne ikapiga hewa, mate yakamtoka, mkojo ukamtoka. Mimi nilikuwa juu ya kitanda kabla sijajua nimefikaje. Mayu alivuta mabua ya moto mbali naye, akamwekea pindo la kanga chini ya kichwa, akakaa. Ilipokwisha, paka aliamka kama mlevi, akagonga mguu wa meza, akaenda moja kwa moja kwenye bakuli la maziwa.

"Si mara ya kwanza," Mayu alisema. "Kule nyumbani ndama alimpiga teke la kichwa. Tangu hapo imempata mara mbili."

"Na wewe unamshika?"

"Nani mwingine atamshika?"

Niseme wazi jinsi watu walivyokiogopa kifafa. Mtu akiangukwa nacho, kila aliye karibu hukimbia, maana inasemwa mate yake yakikugusa, au pumzi yake, nawe umekipata. Nimeona mtu mzima ameungua mkono motoni huku ndugu zake wamesimama mlangoni wakilia. Sasa huyo ni mtu. Paka, nani atamhurumia?

Mambo yalizidi. Ikawa kila wiki, mara nyingine mara mbili kwa wiki, na siku moja aliangukia jivu la moto, manyoya ya mgongo yakaungua. Siku hiyo Mayu hakula. Mimi roho yangu ni ya hasira, lakini mtu kutokula mbele yangu sikuwezi. Asubuhi nikamtia paka kikapuni, nikapanda lori la pamba, nikaenda Bariadi kwa bwana mifugo.

Loo, alicheka yule baba! Alikuwa na foleni ya wafugaji nje, kila mmoja na habari ya ndigana ya ng'ombe wake, na mimi nimeingia na kikapu kinacholia nyau. "Mama, serikali imenileta hapa kwa ajili ya ng'ombe," aliniambia. Nikamjibu kwamba sikuona kibao mlangoni kilichoandika paka wasiingie. Akacheka tena, lakini akafungua kikapu. Na alipomgusa paka, nikaona mikono yake imebadilika, ikawa ya taratibu. Akamtazama macho, akapapasa kichwa, akaniuliza maswali mengi kuliko daktari wa watu alivyowahi kuniuliza: inaanza vipi, inachukua muda gani, baada yake anakuwaje.

Alitoa kopo la vidonge vidogo vyeupe, vile vile wanavyopewa watu wenye kifafa. Kata kidonge vipande vinne kwa wembe, alisema. Robo asubuhi, robo jioni, saa ile ile, Idi iwepo, Krismasi iwepo. Siku za mwanzo atayumba na atakula kama mwanajeshi, msishtuke. Msimkatizie dawa ghafla hata akionekana amepona, maana kitarudi na hasira. Na kila kikimshika, mhesabu kimechukua muda gani, muandike siku. "Bila maandishi," alisema, "mimi nitakuwa napiga ramli."

Sasa nani aandike? Mimi nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima kila alasiri, na Mayu alikuwa mwanafunzi wangu. Mnaweza kuufikiria mtihani huo, mkamwana kumfundisha mama mkwe. Darasani aliniita mwalimu na kusimama nilipoingia, mimi nikitamani ardhi ipasuke. Alikuwa na daftari ambalo lilikuwa halijaandikwa kitu zaidi ya a, e, i, o, u. Alisema yeye ndiye ataandika, kwa kuwa paka ni wake.

Na aliandika. Kila ukurasa aliugawa safu saba za siku saba. Majina ya siku yalimshinda, akaweka picha. Alhamisi ilikuwa siku ya mnada, akachora ng'ombe. Jumapili msalaba. Jumamosi, siku ambayo wakuu wa kijiji walipita kukagua usafi, akachora ufagio. Kifafa kidogo, cha kutafuna na kutetemeka tu, kilikuwa mstari. Kikubwa kilikuwa mviringo. Nilijivunia sana lile daftari, nikamwonyesha mume wangu nikamwambia, "Mama yako ni karani."

Dawa ikakubali. Asubuhi tulimpa dawa kengele ya shule inapogongwa, jioni ng'ombe wakishaingia zizini. Miezi ile ya mwisho wa mwaka paka alinenepa, akakamata panya, akalala kwenye miguu ya Mayu. Mwezi mzima ulipita na mviringo mmoja tu. Nikaanza kujisifu kwa watu kwamba nimeponya kifafa. Mungu husikia.

Mwaka mpya ulipoingia, kikarudi. Mviringo, mviringo, wiki baada ya wiki. Nikarudi Bariadi, bwana mifugo akaongeza dawa ikawa nusu kidonge. Paka akawa mlevi wa mchana kutwa, anakwenda akijigonga, na bado kilimshika. Nikarudi tena. Safari hii bwana mifugo hakucheka. Alisema vipo vifafa visivyosikia dawa, tumwombe Mungu.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ni lazima nieleze kijiji kilivyokuwa. Zamani kila mji ulikaa peke yake katikati ya mashamba yake, na jirani ulimwona kwa moshi wake tu. Sasa mlango ulitazamana na mlango. Ukikaanga kitunguu, nyumba saba zinajua. Wote tulikuwa wageni kwa wote. Katika hali hiyo mtoto akifa kwa surua, au ng'ombe akitupa mimba, watu hutafuta ni nani. Na Mayu alikuwa mzee, mjane, mgeni, na macho yake yalikuwa mekundu. Kuni hakuna nchi ile, tulipikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, na moshi wake wa miaka hamsini ulikuwa umeyachoma macho ya wanawake wengi. Lakini wapo waliosema macho mekundu ni alama. Wanawake wazee walikuwa wanakatwa mapanga kwa ajili ya alama hiyo. Sisemi hadithi.

Siku moja paka alimfuata Mayu mpaka darasani. Nilikuwa ubaoni. Nikasikia kishindo, nikageuka, paka yuko chini anapiga miguu, na wanafunzi wangu ishirini wanatoka kwa mlango mmoja. Mama mmoja alipitia dirishani na mtoto mgongoni. Mayu peke yake alibaki, amepiga magoti, anahesabu muda kama alivyoagizwa, kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma. Mimi nilijua anahesabu. Wale waliokuwa wakichungulia dirishani waliona bibi kizee mwenye macho mekundu ananong'ona juu ya paka anayetetemeka. Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka kijiji: amemnenea paka wake mbele ya darasa zima.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja asubuhi moja, pamba ikiwa imeanza kupasuka mashambani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yapite.

"Mwangaluka," alisalimia, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mzee. Karibu kiti."

Hakukaa. Aliniambia kuna kikao cha nyumba kumi Jumamosi, na watu wanataka mambo mawili: paka auawe, na mama arudi alikotoka. Nikamwuliza alikotoka wapi, kule ni mahame, nyumba zilishaezuliwa, hata kisima kimeota nyasi. Alijua. Nikamwuliza, na asipoondoka? Aliigeuza kofia yake mara mbili.

"Mama mwalimu, kuna vijana hapa ambao mimi siwezi kuwazuia."

Nilipomweleza mume wangu, alisema pengine tumuue tu huyo paka, yaishe. Mayu alikuwa anapeta mtama. "Mkimuua paka," alisema bila kuinua kichwa, "mmekubali. Halafu watamtaka mwenye paka."

Alisema kweli. Nikapiga hesabu zangu. Zilibaki siku tano. Paka akipita siku hizo bila kuanguka, nitambeba mpaka kwenye kikao, msafi, mzima, amelala mapajani mwangu, wamwone kuwa ni paka tu. Na ili awe msafi, niliamua safari hii usafi wa Jumamosi nimfanyie mapema, Ijumaa, na nimfanyie barabara.

Alhamisi alasiri nilikusanya madaftari ya wanafunzi kusahihisha, na la Mayu lilikuwamo. Nilikaa na kalamu nyekundu. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa naangalia kama safu zake zimenyooka, maana mwalimu ni mwalimu. Nikafungua kurasa za mwanzo: mistari huku na huku, miviringo michache, imetawanyika. Nikafungua za mwaka mpya. Miviringo yote imekaa pamoja, chini ya msalaba, na michache chini ya siku inayofuata. Ukurasa wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Upande wa ng'ombe wa mnada ni peupe. Kila wiki ufagio unapita, na baada ya ufagio, miviringo.

Nikajiuliza, kwani Jumamosi kuna nini?

Kuna mimi. Jumamosi ndiyo siku yangu. Nafagia, napiga sakafu kwa mavi mabichi ya ng'ombe, naanika matandiko, nanyunyizia vitanda dawa ya kunguni. Tangu mwezi wa kwanza dawa hiyo ilikuwa ni ule unga wa kunyunyizia pamba, DDT, tuliogawiwa kwa ajili ya funza wa shambani. Ulikuwa unaua kunguni, viroboto, siafu, kila kitu, na mimi niliupenda sana. Na kwa kuwa paka alikuwa na viroboto na alilala kwa Mayu, kila Jumamosi nilimshika shingo, nikammwagia konzi mbili za unga, nikamsugua mpaka ukaingia ndani ya manyoya. Halafu mchana kutwa anajilamba. Kila unyoya. Paka ndivyo alivyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nampakia mnyama sumu kwa mikono yangu, Jumapili inamwangusha, na Jumatatu napanda lori kumlilia bwana mifugo. Haki ya Mungu, nilitaka kutapika.

Nikachukua daftari, nikamkuta Mayu jikoni.

"Mayu. Huu ufagio. Hii miviringo. Umeiona?"

Akaitazama kidogo, akarudi kwenye chungu chake.

"Nimeiona."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Nikahesabu kwa vidole. Miezi miwili! "Na hukuniambia!"

"Nilikuwa naja kukuambia. Kila Jumamosi nilikuwa naja." Alikoroga. "Lakini ulikuwa unaimba. Umemaliza kazi, nyumba inang'aa, umefurahi. Nikaona nikisema, utakuja juu, na mwanangu akirudi atakugombeza, mtalala mmenuniana. Nyumba isivunjike kwa ajili ya paka. Nikawa ukienda kisimani nampangusa kwa maji. Mengine yalitoka. Mengine hayakutoka."

"Lakini Mayu, wanakutaka wewe! Wanataka roho yako!"

"Mimi nimekula chumvi nyingi, mwalimu. Wewe ndiyo kwanza umeanza."

Basi nikalia. Nililia kwa hasira, nikamwambia huo si upole, huo ni wendawazimu, mtu hafi kwa kumwonea haya mkamwana wake. Nikamwambia angenipiga hata na mwiko. Akaniambia mwiko ulikuwa na ugali. Nikacheka na kamasi puani, na yeye akacheka kidogo, akifuta yale macho yake na mgongo wa mkono.

Tulimwogesha paka siku ile ile, mimi na yeye, kwa sabuni ya mche, maji matatu. Alinichana mikono mpaka viwikoni na sikumtukana hata tusi moja.

Jumamosi kikao kilikuwa uani kwa balozi, saa kumi. Nyumba kumi zote zilikuwapo na nyingine zisizohusika. Vijana wanne walisimama nyuma, hawakutaka kukaa. Mume wangu alikaa upande wa wanaume, Mayu mkekani pembeni yangu, paka kikapuni. Mkononi nilikuwa na kopo la unga wa pamba. Balozi hakuwa amemaliza kufungua kikao nikasimama, jambo ambalo mwanamke hakutakiwa kulifanya, mke wa mwalimu hasa.

Nikasema: kabla hamjamjadili mama huyu, nijadilini mimi. Nikalifungua kopo, nikawaonyesha. Nikaeleza Jumamosi zangu zote, unga, manyoya, kulamba. Nikafungua daftari, nikawapitishia mstari wa mbele, ufagio na miviringo, na wanafunzi wangu wa kisomo wakasoma wenyewe, wakaanza kuwaeleza waume zao. "Paka hana pepo," nilisema, "na mama hana kosa. Paka amekula sumu, na aliyemlisha ni mimi niliyesoma."

Nilijua naondoka pale nikiwa kichekesho cha kijiji kizima, na nilikuwa radhi. Kisha yule mama aliyepitia dirishani akainua mkono, kama tulivyozoea darasani.

"Mwalimu, mimi nimempaka mtoto kichwani. Kwa ajili ya chawa."

Mwingine akasema ameuchanganya na mbegu za maharage, kisha njaa ikabana wakazipika. Mwingine akasema kitandani. Balozi mwenyewe akakohoa. Nyumba baada ya nyumba, ule unga ulikuwa umeingia ndani kwetu sote, maana ulikuwa wa bure na uliua kila kitu, na hakuna aliyetuambia utaacha nini. Wanaume wakaanza kuulizana kwa sauti ndogo. Kikao kiliacha kuwa cha Mayu, kikawa cha watoto wetu.

Ila mmoja wa wale vijana wa nyuma hakuridhika. "Sawa," alisema. "Na kabla ya huo unga? Huyu paka alikuja kutoka Zagayu akiwa mzima, au alikuja hivi hivi?"

Teke la ndama. Ile siku ya maharage. Lile jivu la moto. Vidonge nilivyovifuata Bariadi kabla kopo hili halijafika nyumbani kwangu. Unga ulikizidisha kifafa, haukukizaa. Nilijua, na aliyejua zaidi yangu alikuwa amekaa mkekani.

"Alikuja mzima," nilisema.

Kijana hakunitazama mimi. Alimtazama balozi, na balozi akamgeukia Mayu. Kila mtu alijua kwamba mama yule hasemi uongo. Mwaka mzima hakuwahi kuongeza neno wala kupunguza, hata kwa kuwapendeza watu.

"Mama, ni kweli? Paka alikuwa mzima?"

Paka alikwaruza kikapu. Sikuthubutu kumtazama Mayu. Kisha akaweka mkono wake juu ya mguu wangu, mbele za watu wote.

"Huyu ni ng'wana wane," alisema. Mwanangu huyu. "Alivyosema ndivyo."

Balozi akafunga kikao haraka kabla mtu hajauliza lingine.

Njiani kurudi nilibeba kikapu, yeye akanitangulia kwa mwendo wake wa kuchechemea. Tulipopita nyumba ya mwisho nikamwambia, "Mayu, leo umedanganya."

"Wewe ulianza," akajibu.

Paka hakupona. Baada ya unga kuondoka nyumbani, kilipungua kikarudi kuwa cha mara moja kwa mwezi, mara nyingine mbili, na nusu kidonge tukairudisha robo, pole pole kama alivyotuelekeza bwana mifugo. Alipoanguka, majirani walisema masikini, ile dawa ya pamba bado inamtoka, na hatukuwasahihisha. Mke wa balozi alijifunza kumwekea kanga chini ya kichwa. Aliishi miaka mitatu zaidi, akafa kwenye kigoda cha Mayu baada ya kidonge cha asubuhi, bila kutetemeka.

Mayu aliishi miaka kumi na mmoja baada ya kikao kile. Alisoma mpaka akaweza barua. Akafa mchana, kitandani mwake, kwa uzee, sote tukiwapo, mkono wake ndani ya wangu. Katika miaka ile wajane wawili wa vijiji vya jirani, wenye macho kama yake, hawakufa hivyo.